Kijiti, Jua na Karatasi ya Manila: Maswali Yenu Kuhusu Utafiti wa Anga

Barua za safari hii zimetoka Kisumu, Nakuru, Kakamega, Bungoma, Kisii na Vihiga, na takriban zote zinahusu kazi ileile: utafiti wa kikundi katika somo la astronomia, unaomalizikia kwenye bango ukutani. Nyingine tumezijibu kwa kirefu, nyingine kwa mistari michache.

SWALI: Kwenu wahariri. Tuko watano katika darasa la astronomia hapa Kisumu. Mwalimu ametupa wiki nne tufanye utafiti na tutengeneze bango. Tumechagua mada ya "Mashimo Meusi na Asili ya Ulimwengu". Tuna simu tano na kompyuta moja, darubini hatuna. Tuanzie wapi? (Kikundi cha watano, Kisumu)

JIBU: Anzieni kwa kuiacha hiyo mada. Mashimo meusi yanavutia, lakini ninyi hamna la kupima. Mtabandika maneno ya wengine na picha za wengine, na msahihishaji akiuliza "hii namba mmeipata vipi?" mtatazamana. Tafuteni swali dogo ambalo jibu lake litatoka uani mwenu.

Liko moja linalowafaa watu wa Kisumu kuliko wengi duniani: mzingo wa dunia ni kilomita ngapi? Eratosthenes alilijibu huko Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kwa kulinganisha vivuli vya Aleksandria na vya Syene, mji ambao leo unaitwa Aswan. Alipata tofauti ya digrii 7.2, yaani sehemu moja ya 50 ya duara zima. Njia yake inataka miji iliyopishana kaskazini na kusini, kwa hiyo kwenu haifai: latitudo za Kisumu na Nakuru zinatofautiana kwa digrii 0.2 tu, na kivuli cha kijiti cha mita moja kingepishana kwa milimita tatu au nne. Mashariki na magharibi ndiko miji hii ilikopishana. Nakuru iko longitudo 36.07, Kisumu 34.75. Adhuhuri ya jua, yaani wakati jua linapofika juu kabisa, huingia Nakuru kwanza, na Kisumu huifuata baada ya dakika tano na robo hivi.

Dunia hujizungusha mara moja mbele ya jua kwa dakika 1,440. Basi chukueni umbali wa mashariki-magharibi kati ya miji hiyo, mzidishe kwa 1,440, kisha mgawe kwa tofauti ya adhuhuri mliyoipima kwa dakika. Hapo mmepata mzingo. Kwa kuwa miji yote miwili imekaa karibu kabisa na ikweta, hamhitaji hesabu ya kurekebisha latitudo.

Kinachotakiwa ni kikundi rafiki cha Nakuru kitakachopima siku ileile (jinsi ya kupima imo katika jibu linalofuata). Wiki ya kwanza fanyeni mazoezi tu, na matokeo yake yatupeni. Wiki ya pili pimeni siku tatu, maana angalau moja itaharibiwa na mawingu. Ya tatu iwe ya hesabu na kuandika, na ya nne iwe ya bango peke yake. Kikundi kinachopima wiki ya nne huishia kubandika bango ambalo gundi yake haijakauka.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia Nakuru. Wanafunzi wangu na wenzao wa Kisumu walisimamisha vijiti vya mita moja katikati ya Februari, wakasubiri kivuli kiwe kifupi kabisa, wakaandika saa. Nakuru ilikuwa saa 6:50 na sekunde 30, Kisumu saa 6:54 na sekunde 40. Umbali kwa ramani ya simu ni kilomita 182. Mzingo umetoka kilomita 62,900! Tumekosea wapi? (Mwalimu, Nakuru)

JIBU: Mwalimu, umbali una kosa na saa ina kosa. Tuanze na jepesi. Kilomita 182 ni za barabara inayozunguka kupitia Kericho, na jua halipandi matatu. Chukueni ramani iliyochapishwa yenye skeli, mpime kwa rula mstari wa mashariki-magharibi pekee: mtapata karibu kilomita 146. Msije mkazidisha tofauti ya longitudo kwa kilomita 111, kwani hiyo 111 yenyewe imetokana na mzingo wa dunia uliogawanywa kwa 360. Mtakuwa mmeliingiza jibu mlangoni kisha mkalitoa dirishani. Kwa kilomita 146 matokeo yenu yanashuka hadi 50,500 hivi. Thamani inayokubalika kwenye ikweta ni 40,075, kwa hiyo bado kuna elfu kumi za kueleza, na hizo zimo kwenye saa.

Kivuli kifupi kabisa ni kipimo kizuri cha urefu na kibaya cha wakati. Karibu na adhuhuri urefu haubadiliki upesi. Katikati ya Februari, kwa kijiti cha mita moja, dakika tano kabla au baada ya adhuhuri kivuli huongezeka kwa milimita moja tu. Wakati huohuo ukingo wake una ukungu wa karibu sentimita nzima, kwa sababu jua si nukta, lina upana wa nusu digrii angani. Hakuna jicho linaloona milimita moja ndani ya ukungu wa milimita kumi. Hiyo tofauti yenu ya dakika nne na sekunde kumi ni bahati, na siku nyingine ingeweza kutoka dakika mbili au tisa.

Kinachokwenda mbio ni mwendo wa kivuli kuelekea mashariki. Kwenye ikweta, kijiti cha mita moja husogeza kivuli chake milimita 4.4 kila dakika wakati wa adhuhuri, na ni hivyo mwaka mzima. Pimeni huo mwendo, na badala ya kivuli tumieni doa la mwanga.

Kateni kadibodi ya sentimita 10 kwa 10, mtoboe tundu la milimita 4 katikati kwa msumari. Ifungeni kwenye mkono wa mbao unaotokeza kutoka kwenye nguzo, ili tundu lining'inie sentimita 100 juu ya ubao wa plaiwudi au sakafu laini ya saruji. Sakafu ipimwe kwa pimamaji pande zote mbili. Kisha shusheni timazi ya mwashi kupitia katikati ya tundu hadi chini, msubiri itulie, mweke alama. Alama hiyo ndiyo kitovu. Kwa bikari ya uzi na penseli, zungusheni maduara ya nusu kipenyo cha sentimita 40, 50, 60 na 70 kutoka kwenye kitovu. (Juni na Desemba doa la adhuhuri huwa sentimita 43 kutoka kwenye kitovu, kwa hiyo maduara yaanzie 60.)

Asubuhi doa huingia ndani likikata duara moja baada ya jingine. Mchana hutoka likiyakata tena kinyumenyume. Kwa kila duara andikeni saa ambapo ukingo wa kwanza wa doa unagusa mstari na saa ambapo ukingo wa mwisho unauacha, mchukue katikati. Wastani wa saa ya kuingia na ya kutoka katika duara hilohilo ni adhuhuri ya jua. Maduara manne yanatoa adhuhuri nne, na wingu likimeza moja mnabaki na tatu. Yeyote asitazame jua, wala kupitia tundu. Kinachotazamwa ni doa chini.

Sasa yanayoharibika. Kubwa kuliko yote ni kitovu. Milimita moja ya kukosea upande wa mashariki au magharibi ni hadi sekunde 14, na kijiti kilichoinama digrii moja ni hadi dakika nne. Ubaya wake ni kwamba kosa hili halijionyeshi: maduara yote manne yatakaribiana, na yote yatakosea kuelekea upande uleule. Dawa ni kukigeuza chombo chote nusu mzunguko siku ya pili, ubao na nguzo pamoja, mpime tena. Kosa la kitovu linabadili upande, na wastani wa siku mbili unalifuta.

La pili ni saa za simu. Wekeni simu zote zifuate saa ya mtandao, kisha Nakuru na Kisumu wapigiane na kuhesabu sekunde kwa pamoja kabla ya kuanza. La tatu ni la kwetu wenyewe: simu inaonyesha 12:50, katibu anaandika 6:50, na jioni mwingine anaiingiza kwenye kompyuta kama asubuhi. Kubalianeni mtindo mmoja wa kuandika saa, muuandike juu ya jedwali.

La nne ni kupima siku tofauti. Katikati ya Februari haidhuru sana, kwani adhuhuri inakuwa imesimama karibu palepale (kwenu kama saa 6:50, Kisumu 6:55). Mwishoni mwa Desemba inasogea karibu nusu dakika kila siku, na hapo siku moja ya kupishana inatosha kuharibu kila kitu.

Mkiwa waangalifu, kila mji utakuwa na shaka (kiasi mnachoweza kuwa mmekosea) ya sekunde 15 hivi, na tofauti itakuwa na shaka ya sekunde 20 katika 316. Hiyo ni asilimia 6 au 7, yaani kilomita 2,600 juu au chini. Bango linaloandika "kilomita 41,500, shaka 2,600" ni bora kuliko linaloandika 40,075 bila kueleza. Wasahihishaji wanaijua 40,075 kwa moyo, na wakiikuta imekaa sawasawa kwenye bango la wanafunzi wanajua imetoka wapi.

SWALI: Huku Kakamega mvua inanyesha alasiri karibu kila siku. Kuna utafiti ambao haututegemezi kwenye jua la mchana? (Katibu wa klabu ya sayansi, Kakamega)

JIBU: Upo, hesabuni nyota. Kunjeni karatasi ya A4 iwe bomba la urefu wa sentimita 21 na mzunguko wa sentimita 22, ili kipenyo kiwe 7. Bomba ambalo urefu wake ni mara tatu ya kipenyo linaonyesha takriban sehemu moja ya 73 ya anga linaloonekana. Hesabuni nyota kupitia bomba katika pande kumi tofauti, mchukue wastani, mzidishe kwa 73. Fanyeni hivyo sokoni penye taa na kijijini mbali na taa, usiku uleule na saa ileile, mwezi ukiwa haujachomoza. Macho yapewe dakika 20 gizani kwanza, na mtu akiwasha simu hesabu ya dakika ianze upya. Kosa la kawaida ni kuelekeza bomba pale penye nyota nyingi. Chagueni pande kabla hamjainua macho.

Kama kuna mwenye darubini ya macho mawili ya 10×50 (inayokuza mara 10, lenzi za milimita 50), miezi minne mikubwa ya Mshtarii (Jupiter) inaonekana, ile Galileo aliyoiona Januari 1610. Iegemezeni juu ya ukuta, kwa maana mikono haitulii. Chora mahali pa kila mwezi kila usiku. Io humaliza mzunguko kwa siku 1.77 na Callisto kwa siku 16.7, kwa hiyo wiki mbili zenye mapengo ya mawingu zinatosha kwa Io, hazitoshi kwa Callisto.

SWALI: Bango lichorwe kwa mkono kwenye manila au lichapishwe? Na ukubwa wa herufi uwe upi? Mwaka jana letu halikusomeka hata kwa hatua mbili. (Kikundi cha wasichana wanne, Bungoma)

JIBU: Kwanza pimeni ubao mtakaobandikia, ndipo muamue. Manila haina aibu. Maandishi ya mkono yaliyopangwa hushinda uchapishaji wa ovyo.

Kwa mkono: pigeni mistari ya penseli kwa rula, kichwa kiwe herufi za sentimita 5, vichwa vidogo 2.5, maelezo yasipungue sentimita 1. Felti iwe nyeusi au bluu iliyokoza. Njano na kijani hafifu hupotea mtu akirudi nyuma hatua moja. Tandikeni gazeti chini, wino wa felti unapenya. Gundi ya maji huikunja manila ikikauka, kwa hiyo picha zishikwe kwa tepu ya pande mbili. Mwenye mwandiko mzuri kuliko wote aandike peke yake. Wanne wakigawana aya, bango litaonekana kama ukuta wa matangazo.

Kwa kuchapisha: fungueni ukurasa wa A1 tangu mwanzo, milimita 594 kwa 841. Kupanga kwenye A4 kisha kuvuta kunaivuruga kila picha. Kichwa kiwe pointi 80, vichwa vidogo 40, maelezo 26, na maneno yote yasizidi 500. Kabla ya kulipia, chapeni nakala ya A4. Pointi 26 hapo hugeuka kama 9, na mkishindwa kuisoma hiyo nakala, herufi ni ndogo. Picha itakayojaza A1 yote inahitaji pikseli 3,508 kwa 4,967. Itakayojaza robo inahitaji nusu ya hizo kila upande. Picha zikitumwa kwa WhatsApp kama picha hupunguzwa, na saiba itawachapia ukungu. Zitumeni kama dokumenti au mzibebe kwa flashi. Faili ya mwisho iwe PDF, la sivyo kompyuta ya saiba ikikosa fonti yenu maandishi yatahama.

Kisha hili la mandhari meusi yenye nyota. Kila kikundi hulitamani, na sisi tunalipinga. Wino mwingi hulainisha karatasi ikapinda, michirizi ya printa inaonekana, alama za vidole zinabaki, na maandishi meupe membamba yanamezwa. Tumieni karatasi nyeupe. Usiku uwe ndani ya picha moja tu.

Katikati ya bango wekeni jibu lenu, kubwa, pamoja na shaka yake. Kushoto swali na picha ya chombo chenu, timazi ikionekana. Kulia jedwali na mchoro, wenye majina na vipimo kwenye mihimili yote miwili. Chini, sentensi tatu za kilichoharibika na kwa nini. Wanafunzi wengi huficha sehemu hiyo, na ndiyo msomaji mwenye ujuzi huisoma kwanza.

SWALI: Tuko sita, wawili hawafanyi chochote ila majina yao yatakuwa juu. Tufanyeje bila kugombana? (Kiongozi wa kikundi, Kisii)

JIBU: Sita ni wengi kwa kazi hii, wanne wanatosha. Kwa kuwa mmeshaunganishwa, wapeni kazi ambayo isipofanywa inaonekana siku hiyohiyo: mmoja asome saa kwa sauti, mwingine aandike. Daftari liwe moja, kurasa zenye namba, na kila ukurasa uwe na jina la aliyeandika. Daftari litakuwa shahidi, ninyi hamtahitaji kusema. Siku mbili kabla ya kuwasilisha, kila mmoja aeleze sehemu ambayo si yake. Hapo wavivu hujifunza kitu, au hukosa siku hiyo na mwalimu akaona.

SWALI: Sisi tunapenda historia zaidi ya vipimo. Tukiandika kuhusu setilaiti ya Uhuru, utakuwa utafiti? (Wanafunzi wawili, Nakuru)

JIBU: Utakuwa, mkiuliza swali badala ya kusimulia. Swali zuri: kwa nini ilirushwa kutoka pwani ya Kenya? Setilaiti hiyo ya NASA iliondoka tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na ikapewa jina hilo kwa sababu ilikuwa siku ya uhuru wetu. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya astronomia ya miale ya eksirei peke yake, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi yake, alipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

Jibu lenyewe lina hesabu mnayoweza kuifanya. Ardhi ya ikweta inakwenda mashariki kwa mita 465 kila sekunde (kilomita 40,075 kwa siku moja ya nyota, yaani mzunguko mmoja wa dunia ukilinganishwa na nyota badala ya jua, wa sekunde 86,164), na roketi huipata kasi hiyo bure. Pia njia iliyo karibu na ikweta iliiepusha setilaiti na eneo la kusini mwa Atlantiki ambako chembe zenye nishati husumbua vipima miale. Angalizo: mabango mengi huandika kwamba Kenya iliitengeneza au kuirusha. Setilaiti ilikuwa ya Wamarekani, roketi yao ya Scout, na waliorusha walikuwa Waitaliano. Jina na mahali ndivyo vyetu.

SWALI: Tuandike "unajimu" au "astronomia"? Na sayari tuziite kwa Kiswahili? (Msomaji, Vihiga)

JIBU: Andikeni astronomia, au elimu ya anga. Unajimu kwa wasomaji wengi ni kupiga bao kwa nyota, na mtu atawaulizeni bahati yake. Sayari zina majina: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Kile kishada cha nyota ndogo zinazokaa pamoja ni Kilimia, nacho kina methali yake: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kishada hicho hupotea kwenye mwanga wa jua mwezi Mei na kurudi alfajiri mwezi Juni, kwa hiyo kikundi chenye daftari la mvua la shule kinaweza kuipima methali hiyo kwa Vihiga, mwaka kwa mwaka. Miaka kumi ya kumbukumbu inatosha kuanzia. Mitatu ni michache mno.